Makutano ya Mashujaa wa Hadithi: Maelezo ya Kanuni Zake, kwa Mifano ya Ufipa na ya Pwani

Iko desturi moja ya masimulizi ambayo huonekana kwa watu wengi duniani, nayo katika Kiswahili haina jina moja linalotumiwa na wote. Msimulizi humtoa shujaa katika hadithi yake mwenyewe, akamtia katika hadithi ya shujaa mwingine, kisha huwaacha wote wawili washirikiane au washindane. Watoto hufanya hivyo wakibishana jioni: Je, kama Sungura angalikutana na Abunuwasi, ni nani angalimdanganya mwenzake? Watu wazima hulicheka swali hili, lakini mwanachuoni wa lugha na fasihi hafai kulicheka, maana ndani yake mna elimu. Katika makala haya desturi hiyo itaitwa makutano ya mashujaa, na makusudi ni kueleza kanuni zinazoyatawala makutano hayo, na kuonyesha kwa nini mkusanyaji wa hadithi katika nchi kama Ufipa hana budi kuyaandika kwa uangalifu badala ya kuyatupa.

Mfano ulio dhahiri kuliko yote katika nyakati zetu ni ule wa vitabu vya picha vya Marekani. Superman alitokea mara ya kwanza mwaka 1938, na Batman mwaka 1939, kila mmoja akiwa na mji wake, adui zake na wasaidizi wake. Mwaka 1940 jarida la All Star Comics, katika toleo lake la tatu, liliwakusanya mashujaa kadhaa katika baraza moja, wakakaa na kusimuliana habari zao. Mwaka 1952, katika toleo la 76 la jarida la Superman, Superman na Batman walijuana siri ya majina yao ya kweli. Na mwaka 1976 kampuni mbili zilizokuwa zikishindana sokoni, DC na Marvel, zilikubaliana kutoa kitabu kimoja ambamo Superman na Spider-Man walipigana kwanza, kisha wakashirikiana dhidi ya adui zao wawili, Lex Luthor na Doctor Octopus. Jambo la kuangaliwa katika kitabu hicho ni kwamba hakuna shujaa aliyeshindwa kabisa na mwenzake. Mapatano ya wenye mali yalitaka kila shujaa arudi kwake na heshima yake kamili.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba desturi hii ilizaliwa Marekani. Afrika ya Mashariki inayo tangu zamani, ila tofauti ni kwamba mashujaa wake hawakuwa na kampuni.

Makutano yaliyosahauliwa kuwa ni makutano

Na aanze msomaji na Abunuwasi, ambaye hapana Mswahili asiyemjua. Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi wa lugha ya Kiarabu, mzaliwa wa Ahwaz, aliyeishi Baghdad na kufariki mnamo mwaka 814 hivi. Harun Rashid alitawala tangu mwaka 786 hata 809. Lakini hekaya nyingi zinazosimuliwa Uswahilini kwa jina la Abunuwasi husimuliwa kwingineko kwa jina la Juha, au la Nasreddin Hoja wa Waturuki. Ile hadithi ya sufuria iliyozaa, kisha ikafa, imo katika hesabu hiyo: mtu huazima sufuria, akairudisha pamoja na kijisufuria akidai kwamba imezaa, mwenyewe hufurahi na kupokea, mara ya pili aliyeazima huja na habari kwamba sufuria imekufa, na aliyekubali uzazi hawezi kukataa mauti.

Kwa hiyo Abunuwasi wa Waswahili ni zao la makutano. Mshairi wa Baghdad na mjanja asiye na nchi walikutana midomoni mwa wasimulizi, hata wakawa mtu mmoja. Makutano yalipokamilika, mshono ulitoweka. Hii ndiyo kanuni ya kwanza: makutano yanayofaulu sana husahauliwa kuwa yalikuwa makutano.

Jina lenyewe linashuhudia. Katika Kiarabu, neno abu lina maana ya baba, au mwenye kitu fulani. Katika Kiswahili hakuna asikiaye maana hiyo. Abunuwasi ni neno moja, lisilogawanyika. Jambo hilohilo hutokea kwa Kalulu, ambalo ni jina la sungura katika Kibemba, Kinyanja na lugha nyingine za upande wa kusini. Katika Kibemba kiambishi ka- ni cha ngeli ya udogo, na wingi wake huchukua tu-. Udogo wa mnyama yule umo katika sarufi, hata msimulizi hana haja ya kuutaja: kila atamkapo jina, msikilizaji husikia kwamba huyu ni mdogo kati ya wakubwa. Kiswahili sanifu kimeiacha ngeli hiyo ya ka- katika matumizi ya kawaida, kikatumia ki- na vi- badala yake. Basi Kalulu akiingia katika hadithi ya Kiswahili, kiambishi chake hugandamana na jina, na udogo wake hauna budi kuelezwa kwa maneno mengine. Shujaa avukaye mpaka wa lugha huacha sehemu ya sarufi yake ng'ambo.

Kinyume chake ni majina ya wahusika wa magazeti ya katuni. Wasomaji wa Sani, gazeti la Dar es Salaam, walimjua Ndumilakuwili kabla hata hawajasoma neno moja la kisa chake, maana jina hilo ni methali nzima iliyofanywa mtu: ni nyoka mwenye kuuma kwa pande mbili. Lodi Lofa kadhalika. Neno lofa ni la kukopwa, lakini Kiswahili kimekwisha kulimeza, nalo linamweleza mwenyewe. Majina ya namna hii hayavuki kwa urahisi. Yakitiwa katika lugha nyingine, ama yafasiriwe, ama yawe sauti tupu.

Mshujaa na tegemeo la hadithi yake

Kanuni ya pili ndiyo iliyo na faida kubwa kuliko zote kwa mchunguzi. Kila hadithi ina tegemeo moja au mawili, yaani mambo ambayo yakiondolewa kisa chote huanguka. Mara nyingi tegemeo hilo halionekani, kwa kuwa msimulizi halitaji. Makutano hulifichua.

Na achukuliwe Fumo Liyongo, ambaye habari zake zimo katika mkusanyo wa Edward Steere, Swahili Tales, uliotolewa London mwaka 1870, na katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913. Liyongo amefungwa gerezani. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na kila siku walinzi hukinyang'anya chakula kizuri. Liyongo humpa Saada ujumbe kwa maneno ya fumbo: mama afanye mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi huuona mkate wa wishwa, wakaudharau, wakauacha upite. Ngoma inapopigwa na kelele kuwa nyingi, Liyongo hukata minyororo.

Sasa na awekwe Fisi wa hadithi za wanyama kuwa mlinzi wa lango hilo. Fisi hachagui chakula. Angeula mkate mzuri, na mkate wa wishwa angeula pia, pengine na tupa yenyewe. Liyongo angebaki kifungoni, na sehemu yote iliyosalia ya utenzi isingekuwapo. Kwa mzaha huu mdogo msomaji huona jambo ambalo huenda hakuliona katika kusoma kwake mara nyingi: wokovu wa Liyongo hautegemei nguvu zake, wala tupa, bali wategemea kiburi cha walinzi, wanaojiona kuwa watu wasiostahili kula wishwa. Fumbo la Liyongo lilikuwa limepimwa kwa tabia ya watu fulani. Mlinzi mwenye tabia nyingine angelivunja bila hata kulifahamu.

Mfano mwingine ni wa kisima. Katika hadithi inayosimuliwa kwa namna nyingi Afrika ya Mashariki na ya Kati, wanyama huchimba kisima wakati wa ukame, Sungura hukataa kuchimba, kisha huja kuteka maji kwa hila, akiwadanganya walinzi mmoja baada ya mmoja, hata anaponaswa na Kobe. Na katika kisa cha Liyongo, shujaa huyo, akiisha kuchomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, huenda akapiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji humwona kwa mbali, wakadhani yu hai. Wakakaa na kiu kwa kuogopa kwenda kuteka.

Visima hivi viwili vinafanana mno, na mtoto mwenye akili hawezi kukosa kuviunganisha. Sungura angekuja kwa kiu yake, akatupa kijiti, akangoja, akatupa jiwe, akafahamu kwamba mlinzi wa kisima ni maiti. Angeteka maji, akaenda zake, na pengine asimwambie mtu, ili maji yawe yake peke yake. Katika mkutano huu Sungura hamshindi Liyongo, maana aliyekufa hashindwi. Anachokishinda ni hofu ya watu wa mji. Lakini pamoja na hayo kisa hupoteza kitu kikubwa, yaani ile heshima ya mwisho ya Liyongo, ambaye hata baada ya kufa aliutia mji mzima kiu. Ujanja wa Sungura ungeifanya heshima hiyo kuwa kichekesho. Ndiyo sababu msimulizi mwenye busara huchagua. Mashujaa wawili waweza kuwa wema sana kila mmoja kwao, na wakikutana mmoja akamharibia mwenziwe.

Juu ya wasaidizi

Wengi wafikirio makutano hufikiri mashujaa peke yao. Hilo ni kosa. Shujaa ni mzito wa kuhama, kwa kuwa huchukua mji wake, ukoo wake na mwisho wake. Msaidizi ni mwepesi. Saada aweza kuingia katika hadithi yoyote yenye mlango uliofungwa na habari inayotakiwa kupita. Fisi aweza kuingia popote penye chakula. Harun Rashid aweza kukaa juu ya kiti katika hadithi yoyote inayotaka mfalme wa kudanganywa.

Tena wasaidizi ndio wanaobeba adabu ya lugha. Liyongo husema kwa shairi. Abunuwasi husema kwa unyenyekevu mbele ya Sultani, na pigo lake limo ndani ya unyenyekevu huohuo. Sungura humwita Simba Bwana Mkubwa, hata akiwa anamwongoza kwenye shimo. Mashujaa watatu hawa wakikaa barazani pamoja, mazungumzo hayatakwenda, maana kila mmoja amezoea kuwa ndiye mwenye neno la mwisho. Saada akiwa katikati, akipokea neno la huyu na kulipeleka kwa yule, lugha tatu zaweza kuwa mazungumzo. Kazi ya mjumbe katika hadithi hufanana na ya kiunganishi katika sentensi.

Hadithi isiyokubali mgeni

Yafaa sasa kuuelekea uwanda wa juu wa Ufipa, ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mwazye ni kijiji cha upande wa kusini wa nchi hiyo, katika Wilaya ya Kalambo, Mkoa wa Rukwa, mahali penye misheni ya zamani ya Mapadre Weupe, pasipo mbali na mpaka wa Zambia. Mtoto akuaye mahali kama hapo husikia Kifipa nyumbani, Kiswahili shuleni, na lugha za Wamambwe na Walungu kwa majirani. Katika orodha ya Malcolm Guthrie Kifipa ni M13, Kilungu ni M14, na Kimambwe ni M15. Ni lugha ndugu, na hadithi hupita kati yao kama wapitavyo wageni wa arusi. Kiswahili kimetoka mbali zaidi, nacho kimekuja na vitabu. Basi mtoto huyo amesimama njia panda, na kichwani mwake Abunuwasi wa kitabuni na wahusika wa jioni hukaa chumba kimoja.

Lakini Ufipa ina masimulizi mengine yasiyokuwa ya jioni tu. Ni habari za Milansi. Yasimuliwa kwamba Ntatakwa, mtu wa kwanza, alishuka kutoka mbinguni, na kwamba Milansi, chini ya mlima, ndiyo makao ya wafalme wa asili. Siku moja mfalme alikuwa mawindoni. Wakaja wanawake watatu wageni, waliokuwa wakitafuta nchi ya kutawala. Mke wa mfalme, aliyeachwa nyumbani, akakiachia kiti cha enzi, wageni wakakikalia. Mfalme aliporudi, hakukuwa na vita. Palifanyika mapatano: wageni, ambao ndio asili ya watawala wa Kitwa wa Nkansi na Lyangalile, walipata utawala wa nchi, mfalme wa Milansi alibaki na mlima wake na ukuu wa mambo ya ibada, naye ndiye aliyekuwa akiwasimika watawala hao.

Roy Willis, aliyefanya uchunguzi Ufipa katika miaka ya 1960, aliyaeleza masimulizi haya katika makala yake ya mwaka 1967 juu ya kichwa na kiuno, na kwa urefu zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1981, A State in the Making. Milansi ni kama kichwa, na Watwa ni kama kiuno. Mwili mmoja wahitaji vyote viwili. Kwa maneno ya makala haya, masimulizi ya Milansi ni makutano ya mashujaa. Shujaa wa asili, mwenye kilima, amekutana na shujaa wa safari, mwenye njia; na kama katika kile kitabu cha Marekani cha mwaka 1976, mapatano yamemwachia kila mmoja heshima yake. Tofauti yao ni kubwa, ingawa yafanana. Mapatano ya DC na Marvel yaligawanya fedha za kitabu kimoja. Mapatano ya Milansi yaligawanya madaraka ya nchi.

Na ajaribu mtu kumtia Abunuwasi hapo. Mfalme anaondoka kwenda mawindoni, na kiti anamwachia Abunuwasi badala ya mkewe. Wageni wanafika na kukitaka. Abunuwasi angewaambia kwamba kiti hicho kimezaa kijiti, na kwamba mama hawezi kukaliwa mpaka arobaini yake iishe. Wageni wangechoka na kwenda zao. Wasikilizaji wangecheka, lakini Watwa wasingekuwapo, wala mapatano, wala mwili ule wenye kichwa na kiuno. Tegemeo la masimulizi ya Milansi ni kwamba nyumbani hapakuwa na mjanja. Udhaifu wa siku ile moja ndio uliofungua mlango wa utaratibu wote uliofuata.

Hapa kanuni ya tatu hudhihirika. Hadithi za jioni hukubali wageni, maana hazina deni kwa mtu. Masimulizi ya asili hayakubali kwa wepesi, maana juu yake zimejengwa haki: nani asimikwe, nani asimike, nani akae juu ya mlima gani. Mtunzi wa vitabu vya watoto atakaye kumwalika Ntatakwa katika mchezo wa Sungura na Fisi hana budi kujua kwamba anaigusa hati, si kisa tu. Asemayo hayo hamkatazi. Anamwonya ajue alichokishika.

Faida yake kwa mkusanyaji

Iko tabia ya wakusanyaji wa masimulizi kutafuta hadithi iliyo safi. Mkusanyaji wa namna hii akifika kijijini, akasimuliwa hadithi ya Kifipa ambayo ndani yake Abunuwasi ametokea ghafula kumsaidia mnyama fulani, huona kwamba hadithi imeharibiwa na shule. Huiacha, akamtafuta mzee mwingine. Akifanya hivyo hupata kisa kizuri, lakini hutupa ushahidi wa thamani kuliko kisa chenyewe.

Sababu ni hii. Shujaa anayealikwa katika hadithi ya mwingine ni shujaa aliye hai katika akili za wasimulizi. Asiyealikwa tena popote yuko karibu kusahauliwa, hata kama kisa chake kimehifadhiwa kabatini. Makutano basi ni kipimo. Yakiwa mtoto wa Mwazye, akisimulia kwa Kiswahili, humleta mhusika wa Kifipa akae pamoja na Abunuwasi na Sungura, hiyo ni dalili kwamba Kifipa bado kina sauti ndani ya Kiswahili chake. Lakini ikiwa wahusika wote wa makutano yake ni wa vitabu vya Kiswahili na vya ng'ambo, basi upande mmoja wa njia panda umekwisha kuota majani. Masimulizi ya Wafipa yamekusanywa na Willis katika kitabu cha Kiingereza cha mwaka 1978, There Was a Certain Man. Kitabu hicho ni hazina kwa wataalamu. Lakini mtoto hamwaliki mchezoni mtu aliyemo katika kitabu asichoweza kukisoma.

Kwa hiyo mkusanyaji anapoyakuta makutano, yafaa aandike mambo manne. Kwanza, ni nani aliyekutana na nani, na wasaidizi gani walikuwapo. Pili, walikutania mahali gani: kisimani, langoni, njiani, au penye kiti cha mfalme, maana mahali ndipo panapoonyesha ni hadithi ya nani iliyompokea mwenziwe. Tatu, kila mmoja alisema kwa lugha gani na kwa heshima gani, na kama jina lake lilibaki na sarufi yake au liliganda. Nne, ni kitu gani kilichoanguka katika hadithi ya mwenyeji kwa sababu ya kuja kwa mgeni. Maana hapo ndipo palipokuwa na tegemeo.

Na kama msimulizi akimaliza, na mtoto aliyekaa pembeni akadakia, akisema kwamba yeye angalimweka Fisi langoni, mkusanyaji asimnyamazishe. Na ageuze ukurasa mpya, aandike jina la Fisi juu yake, kisha amwombe mtoto aendelee.